Maneno mawili kwenye faili: uchambuzi wa kisa cha mshiriki aliyefutwa kwenye programu ya wanaotenda ukatili wa majumbani

Kwenye faili lake, sababu ya kufutwa imeandikwa kwa maneno mawili tu: "Hana ushirikiano." Juu kuna tarehe, chini kuna sahihi ya mwezeshaji, basi. Hakimu atakayelisoma atajua kwamba mwanaume huyu aligoma. Lakini ukilinganisha rejista ya mahudhurio na kumbukumbu za simu na fomu ya usaili wa kumpokea, unakuta habari nyingine. Hakuna siku aliyogoma. Alichuruzika kidogo kidogo, na kila alipochuruzika palikuwa na siku kadhaa ambazo hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kumfuatilia.

Mhusika si mtu mmoja. Kisa kimeshonwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye programu za aina hii ili kisimtambulishe yeyote. Hesabu za siku na vikao ni za kisa chenyewe; zile za tafiti zimetajwa kuwa za tafiti.

Hali ilivyokuwa

Mwanaume wa miaka 29, kibarua wa ujenzi anayelipwa kwa siku, alitiwa hatiani kwa kumpiga mke wake na kumvunja kidole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufikishwa mahakamani, ingawa mke alieleza kwamba amewahi kupigwa mara tatu kabla ya hapo. Mahakama ilimpa kifungo cha nje chini ya afisa wa uangalizi, kwa sharti la kuhudhuria vikao 26 vya kikundi, kimoja kwa wiki, kila kimoja saa mbili. Mke na mtoto wao walikuwa nyumba salama, makazi ya muda ya wanawake waliokimbia kupigwa.

Vikao 26 ni urefu wa kati. Emerge, programu ya wanaume wanaopiga wenzi wao iliyoanza Boston, Marekani, mwaka 1977, na mradi wa Duluth katika jimbo la Minnesota, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndizo zilizoweka sura ya programu hizi, na kila mahali pamejichagulia urefu wake. California imeandika kwenye sheria: wiki 52, kikao cha saa mbili kila wiki, kumaliza ndani ya miezi 18, na ruhusa ya kukosa kwa sababu ya msingi isizidi vikao vitatu.

Programu ya kisa hiki ilikuwa na kanuni inayofanana na hiyo. Vikao vitatu unaweza kukosa. Ukikosa cha nne, unafutwa. Mlango hufungwa dakika 15 baada ya kikao kuanza, na anayefika baada ya hapo huhesabiwa kuwa hakuja. Vikao vilikuwa saa nane mchana, siku ya kazi.

Siku 42 za kimya

Amri ya mahakama ilitoka siku ya kwanza. Barua ya kumpeleka kwenye programu ilichukua wiki mbili kufika, kwa sababu ilipita kwa afisa wa uangalizi, ambaye alisubiri nakala ya hukumu. Usaili ulifanyika siku ya 23. Kikundi kilikuwa kimejaa, akaambiwa asubiri nafasi. Kikao chake cha kwanza kilikuwa siku ya 42.

Wiki hizo sita ndizo wanaume wengi wanapopotea, na mara nyingi hawaingii hata kwenye takwimu za walioacha, kwa kuwa rasmi hawajaanza. Mark Olver na wenzake walikusanya tafiti 114 za watu waliopelekwa kwenye programu za kurekebisha wahalifu, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Katika programu za ukatili wa majumbani, walioacha walikuwa asilimia 37.8, dhidi ya asilimia 27.1 kwa programu zote kwa ujumla. Na kiwango kilipanda walipohesabu pia waliopotea kabla ya kuanza.

Hapa ndipo programu nyingi hujidanganya kwa hesabu. Chukua mfano: wanaume 40 wameletwa, 30 wamefika kwenye usaili, 24 wameanza, 15 wamemaliza. Ukigawa kwa walioanza, umefaulu kwa asilimia 62.5. Ukigawa kwa waliosailiwa, ni 50. Ukigawa kwa walioletwa, ni 37.5. Ripoti kwa mfadhili hubeba namba ya kwanza. Mke wa yule ambaye hakufika hata kwenye usaili anaishi na namba ya tatu.

Dawa ya pengo hili inajulikana, na wala si ya kisaikolojia. Mtafiti Edward Gondolf alifuatilia mahakama ya Pittsburgh, Marekani, baada ya kuanza kuwaita wanaume warudi mbele ya hakimu mapema kuonyesha kama wamejiandikisha. Wasiojitokeza kabisa walishuka kutoka asilimia 36 hadi 6. Mafunzo hayakubadilishwa, kilichoongezeka ni tarehe tu. Mwanaume wetu hakupewa tarehe kama hiyo. Aliambiwa "utapigiwa simu".

Siku ya 30 kilitokea jambo lililogeuza hatari yote: mke alirudi nyumbani. Alieleza kwamba aliona mume "ameshaingia kwenye mafunzo". Wakati huo mume alikuwa amefanya usaili tu. Si ajabu. Uchunguzi mwingine wa Gondolf, uliochapishwa 1988, ulionyesha kwamba mwanaume kuwa kwenye ushauri ni miongoni mwa mambo yenye nguvu kubwa katika uamuzi wa mwanamke wa kuondoka nyumba salama na kumrudia. Kwa hiyo jina kuingia kwenye orodha ya kusubiri si jambo dogo la karani. Linamrudisha mtu nyumbani.

Rejista wiki kwa wiki

Wiki ya 1 hadi ya 4, yupo. Ya 5, hayupo. Ya 6, yupo. Ya 7, alifika akiwa amechelewa dakika 35, akarudishwa mlangoni. Ya 8 na ya 9, yupo. Ya 10 na ya 11, hayupo. Akafutwa. Vikao alivyohudhuria ni saba kati ya 26.

Anza na wiki ya 5, kwa sababu ndiyo iliyosomwa vibaya kuliko zote. Mwisho wa kikao cha 4 mwezeshaji aligawa karatasi mbili: nakala ya Gurudumu la Mamlaka na Udhibiti, mchoro wa mbinu ambazo mwanaume hutumia kumtawala mwenzi wake, lile lililotengenezwa Duluth kutokana na maelezo ya wanawake waliopigwa, na karatasi tupu ya kuandikia tukio. Kila mmoja aandike nyumbani, asome mbele ya kikundi wiki inayofuata. Mwanaume huyu alikuwa anasoma kwa kusuasua, na kuandika ndiyo kabisa. Kwenye fomu ya usaili, sehemu ya elimu, imeandikwa "msingi", na hakuna aliyeuliza zaidi. Wiki ya 5 hakuja. Wiki ya 6 alikuja na karatasi tupu, akasema "nimesahau". Mwezeshaji akaandika: "Anakwepa kukiri kosa."

Huenda alikuwa anakwepa pia. Mambo haya mawili hukaa pamoja kwa raha kabisa. Lakini anayekwepa kukiri na asiyeweza kuandika hutibiwa tofauti, na kujua yupi ni yupi hugharimu dakika moja ya usaili: mpe aya fupi ya masharti ya programu aisome kwa sauti, kisha muulize ameelewa nini. Usimuulize "unajua kusoma?" Atasema ndiyo.

Siku hiyo aliambiwa aeleze kwa mdomo. Alisema hivi: "Tulikuwa tunabishana, hasira zikanipanda, mkono ukaniponyoka, akaumia kidole." Ziangalie sentensi hizo. Hasira zimepanda zenyewe, mkono umeponyoka wenyewe, kidole kimeumia. Hakuna kitenzi hata kimoja ambacho yeye ni mtendaji wake, isipokuwa kubishana, na hilo amemgawia mke nusu. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kumtolea mtu udhuru, na mwezeshaji mzoefu hufanya kazi hapo hapo: anamrudisha kwenye sentensi moja baada ya nyingine hadi ianze na "nili-". Kilichopatikana mwisho wa kikao hicho kilikuwa "nilimkamata mkono, nikakipinda kidole, nikasikia kimelia". Kikundi kilinyamaza. Kwa kazi ya namna hii, hicho kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote saba, na kilifanyika bila karatasi.

Kuhusu wiki ya 7, hesabu inajieleza. Kikao cha saa mbili, na safari ya saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi: saa tano. Kwa kibarua, kuondoka saa sita na nusu mchana ni kupoteza ujira wa siku nzima, kwa sababu msimamizi hamlipi wa nusu siku, anachukua mwingine. Ada ya kikao ilikuwa sawa na robo ya ujira wa siku. Kila wiki programu ilimgharimu siku moja na robo kati ya siku sita za kazi, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya kipato. Na kipato hicho kinalisha pia mke na mtoto, ambao ndio programu inadai kuwalinda. Wiki ya 7 alijaribu kufanya kazi asubuhi na kufika mchana, akachelewa.

Aliporudishwa mlangoni hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo imehesabiwa kuwa amekosa. Yeye kichwani alikuwa na kosa moja, rejista ilikuwa na mawili. Wiki ya 10 alikosa kwa makusudi, akijua bado ana akiba. Wiki ya 11 alikosa tena akiamini ni mara ya tatu. Ilikuwa ya nne.

Pombe ipo pia kwenye kisa hiki. Wiki ya 10 ilikuwa baada ya malipo ya mwisho wa kazi fulani, na mke alieleza baadaye kwamba mume alikunywa siku mbili mfululizo. Usaili ulikuwa na swali moja la pombe, "Unakunywa?", na jibu lilikuwa "kidogo".

Siku 43 baada ya kufutwa

Taarifa ya kukiuka masharti iliandikwa siku tisa baada ya kufutwa. Mahakama ilipanga tarehe siku 34 baadaye. Katika siku hizo 43 mwanaume hakuwa kwenye programu wala mbele ya hakimu.

Kila siku ya kikao aliendelea kuondoka nyumbani saa ile ile, amevaa nguo zile zile za kwenda kikundini. Mke aliamini anahudhuria. Alikuja kujua wiki tatu baadaye, mhudumu wa upande wa wanawake, yaani anayewasaidia wake wa washiriki, alipompigia simu kwa shughuli nyingine kabisa na kutaja jambo hilo akidhani mke anajua.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye kisa hiki, na si la mwanaume. Mwenzi anapaswa kujulishwa siku ile ile, na anapaswa kujulishwa kwanza, kabla ya mwanaume kupigiwa simu ya kuulizwa yuko wapi. Sababu ya mpangilio huo ni ya wazi: anayepigiwa simu ya kukemewa anaweza kurudi nyumbani na hasira ya simu hiyo, na mke hajajiandaa. Tena ajulishwe na mhudumu wake, kwa namba na muda alioutaja mwenyewe kuwa salama, na asiombwe kumhimiza mume aende. Programu zinazowageuza wake kuwa wakumbushaji zinawabebesha mzigo wa kazi isiyo yao.

Kipi kilikuwa kisababishi, kipi dalili

Ukichukua orodha ya sifa zinazoambatana na kuacha programu, mwanaume huyu anaingia karibu kwenye kila mstari. Uchambuzi wa Lea Jewell na Stephen Wormith wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba umri mdogo, kukosa ajira, kipato cha chini, makosa ya nyuma na ulevi huambatana na kuacha, na kwamba waliopelekwa na mahakama humaliza zaidi kuliko waliokuja wenyewe. Orodha hiyo ni ya kweli, na ni rahisi kuitumia vibaya. Umri wa miaka 29 hauwezi kubadilishwa na programu yoyote. Mbaya zaidi, meneja anayebanwa na takwimu anaweza kuitumia kama chujio: chukua wenye kazi za ofisini, waache vibarua, kiwango cha kumaliza kitapanda mwaka huo huo. Wenye uwezekano mkubwa wa kuacha ndio hao hao wenye uwezekano mkubwa wa kupiga tena. Kuwachuja ni kuwarudisha kwa wake zao bila mtu wa kuwatazama.

Kwa hiyo kwenye kisa hiki tunatenga. Ukibarua ni sifa yake. Ratiba ya saa nane mchana ni uamuzi wa programu. Elimu ndogo ni yake. Zoezi la kuandika ni la programu. Kukana kosa ni kwake, na kwa karibu kila anayeingia mlango huo. Hilo ni sababu ya yeye kuwepo hapo, haliwezi tena kuwa sababu ya kumfuta. Wiki ya 10 ni yake moja kwa moja: alichagua kunywa, na udhuru haupo.

Mpango wa mara ya pili

Hakimu alimrudisha, kwa onyo kwamba akifutwa tena anatumikia kifungo ndani. Vikao vilianza upya kutoka cha kwanza. Wapo wanaoona hiyo ni adhabu mara mbili. Kwa uzito wa mambo, ni sahihi: mafunzo haya yanajengwa juu ya yaliyotangulia, na kumhesabia saba za zamani kungemfundisha kwamba siku 43 hazikuwa na uzito.

Kilichobadilishwa ni hiki. Usaili mpya ulifanyika ndani ya siku saba, na tarehe ya kurudi mahakamani ikawekwa kila baada ya siku 30. Alihamishiwa kikundi cha saa kumi na mbili jioni, na ada ikapangwa kwa kipato. Kabla ya kikundi alipata vikao viwili vya peke yake vya kuamsha nia, kwa njia ya William Miller na Stephen Rollnick, ambapo mshauri hamshawishi mtu bali humsaidia kusikia sababu zake mwenyewe. Jaribio lililofanyika Valencia, Uhispania, kwa wanaume 160 na kuchapishwa 2018, lilionyesha kwamba waliowekewa mpango binafsi wa nia walipata sehemu kubwa zaidi ya mafunzo na waliripoti ukatili mdogo wa kupiga kuliko waliopewa programu ya kawaida. Kwa mwanaume huyu sababu iliyotoka haikuwa ndoa. Ilikuwa mtoto, ambaye siku ya tukio alijificha chini ya meza na kubaki huko hata baada ya kuitwa.

Mazoezi ya nyumbani yalihamia kwenye sauti: anajirekodi kwenye simu ya ofisi dakika 20 kabla ya kikao. Hapana, si kwenye simu yake, kwa kuwa simu ya nyumbani inasikilizwa na wengine na maelezo yanamhusu mke. Upande wa pombe alipelekwa kwenye huduma yake, sambamba na kikundi, na maswali yakawa ya kupima: siku ngapi kwa wiki, kiasi gani kwa siku moja, mara ya mwisho lini.

Kuhusu kukosa, ujumbe ulitumwa ndani ya saa 24, baada ya mke kujulishwa: "Hatukukuona jana. Umekosa mara 1, zimebaki 2. Tupigie leo kabla ya saa kumi jioni." Hakuna hotuba. Namba ya makosa na namba ya yaliyobaki ndiyo habari aliyoikosa mara ya kwanza. Casey Taft na Christopher Murphy pamoja na wenzao walijaribu jambo linalofanana na hili, wakichapisha mwaka 2001: simu za kukumbusha na barua fupi zilizoandikwa kwa mkono baada ya usaili na baada ya mtu kukosa. Mahudhurio yalipanda na walioacha wakapungua. Ni kazi ya karani kwa dakika chache kila wiki, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Alimaliza

Alihudhuria vikao 26 katika wiki 29. Alikosa vitatu: kimoja kwa ugonjwa wa mtoto, kimoja kwa kazi ya mbali, kimoja bila sababu.

Namna ya kuandika barua ya kumaliza ilileta ubishi ofisini. Rasimu ya kwanza ilisema "amefaulu mafunzo na kubadili mwenendo". Ikafutwa. Programu haijui kama amebadili mwenendo; inajua alikuja mara ngapi na alisema nini. Mapitio ya Julia Babcock, Charles Green na Chet Robie ya mwaka 2004, yaliyokusanya tafiti 22, yalikuta kwamba athari ya programu hizi katika kupunguza kurudia kupiga, ukilinganisha na kukamatwa peke yake, ni ndogo. Na ingawa waliomaliza hurudia kidogo kuliko walioacha, sehemu ya tofauti hiyo inatokana na aina ya mtu anayemaliza. Barua iliyotoka ilitaja idadi ya vikao, tarehe, vikao vitatu alivyokosa, na sentensi moja kwamba kuhudhuria si uthibitisho wa usalama wa mtu yeyote.

Mke aliulizwa peke yake, wiki mbili baada ya kikao cha mwisho. Hajapigwa tangu mume arudi programu. Vitu havivunjwi tena. Lakini fedha zote anashika mume, na kila jioni simu ya mke huwekwa mezani ikiwa wazi. Mume anasema ni kwa ajili ya uaminifu, neno alilojifunza kikundini.

Faili la mwanaume lilifungwa. La mke halikufungwa: aliomba apigiwe mara moja kwa mwezi, mchana, siku ambazo mume yuko kazini, na mpigaji aanze kwa kuuliza habari za ushonaji.